Kula Walt Disney World bila kuweka nafasi ya meza: namna tulivyopata pa kukaa karibu kila siku

#1 Mkoko (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, salamu. Ninaandika kwa ajili ya wenzangu tunaoishi huku Marekani, hasa wale wanaopokea wazazi kutoka nyumbani na kuwapeleka Orlando, kwa sababu kila ninapomwambia mtu kwamba familia yetu ilikaa siku tano Walt Disney World, lile eneo kubwa la bustani za michezo na hoteli za Disney, bila kuweka nafasi hata moja ya meza, jibu ninalopata ni kwamba jambo hilo haliwezekani. Linawezekana, ila lina sharti ambalo ni lazima likubaliwe tangu mwanzo: asiye na nafasi hawezi kuchagua mgahawa na saa kwa pamoja. Akishika mgahawa, aachie saa. Akishika saa, aachie mgahawa. Siku ya kwanza tulitaka vyote viwili, tukashinda na njaa. Siku nne zilizobaki tulishika kimoja, tukala vizuri.

Kwa asiyejua utaratibu, migahawa ya pale ni ya aina mbili kuu. Iko ya kaunta, ambako unaagiza, unachukua sinia lako na kutafuta kiti. Hiyo haihitaji nafasi. Halafu iko ya kuhudumiwa mezani, pamoja na ya bufee, ambayo nafasi zake hufunguliwa siku 60 kabla. Wageni wanaolala katika hoteli za Disney huruhusiwa, siku hiyo ya 60, kuweka nafasi za siku zao zote hadi kumi kwa mkupuo mmoja, na ndiyo maana mtu wa nje akiingia baadaye hukuta migahawa yenye majina makubwa kama Cinderella's Royal Table na Space 220 yamekwisha kuchukuliwa. Kabla ya mwaka 2020 muda huo ulikuwa siku 180. Mimi nauona utaratibu wa sasa kuwa wa haki zaidi, kwa kuwa nusu mwaka ni muda mrefu mno kwa mtu ambaye likizo yake bado haijasainiwa na mwajiri.

Sisi hatukuweka nafasi kwa sababu safari yenyewe haikuwa na uhakika. Mama yangu alikuwa anatoka Tanga, tiketi yake ilibadilishwa tarehe mara mbili, na nilipojua kwa hakika kwamba amefika salama zilikuwa zimebaki siku tisa. Tulikuwa watu watano: mama, mke wangu, watoto wawili na mimi. Ilikuwa mwishoni mwa Januari, siku za kazi, na jambo hilo lilitusaidia.

Siku ya kwanza, tukiwa ndani ya Magic Kingdom, moja ya bustani nne za michezo za pale, tuliusogelea mgahawa mmoja wa kuhudumiwa mezani saa sita na nusu mchana, yaani ile saa ambayo kila mwenye tumbo ameamua kula. Mhudumu wa mapokezi alitujibu kwa upole kwamba hapakuwa na nafasi na orodha ya kungojea ilikuwa imefungwa. Tulitembea hadi wa pili, jibu likawa lile lile. Mama hakulalamika, lakini nilimwona amekaa ukingoni mwa bustani ya maua, amevua kiatu kimoja na kukishika mkononi, na hapo nilitambua kwamba kosa lilikuwa langu. Kwa mzee wa miaka 71, tatizo la kwenda bila nafasi ni mwendo kuliko chakula. Eneo lote la Walt Disney World ni kama kilomita za mraba 100, na kila mgahawa unaoujaribu na kuukosa unaulipia kwa miguu au kwa kungoja basi.

Kesho yake nilibadilisha mpango. Niliamua tuwe ndani ya bustani asubuhi, kisha mchana tutoke kwenda kula katika hoteli. Watu wengi hawajui kwamba migahawa ya hoteli iko wazi kwa mtu yeyote, hata asiyelala pale na hata asiye na tiketi ya bustani. Tulichagua Animal Kingdom Lodge, iliyofunguliwa mwaka 2001, kwa sababu ambayo kila msomaji wa jukwaa hili ataielewa: majengo yake yanaitwa Jambo House na Kidani Village, migahawa yake inaitwa Boma, Jiko na Sanaa, bwawa la kuogelea linaitwa Uzima. Mama alikuwa akisoma vibao hivyo kwa sauti, kimoja kimoja, tangu tuliposhuka kwenye basi, na mjukuu wake alikuwa akimuuliza maana ya kila neno.

Tulifika Sanaa saa nane na nusu mchana. (Programu ya simu itakuandikia 2:30, basi waelezeni wazee mapema ili msipishane.) Tuliambiwa tungoje dakika 25, tukaitwa baada ya 15. Tuliketishwa karibu na dirisha, na nje ya kioo, katika uwanda wa wanyama wa hoteli hiyo, kulikuwa na twiga wawili na kundi la pundamilia. Tuliagiza ile sinia ya mikate ambayo ndiyo sifa ya mgahawa huo: mikate ya aina tano ya Kihindi, ikiwamo naan, kulcha ya vitunguu na paratha, pamoja na vitoweleo tisa vilivyopangwa katika vibakuli vidogo. Mama alionja kimoja baada ya kingine bila haraka. Chatne ya ukwaju aliitambua kabla haijafika mdomoni. Achari ya kitunguu saumu ilimkumbusha nyumba ya jirani yake wa Kihindi, barabara ya kumi na mbili. Jemu ya nyanya na tende ilimshangaza, akaimaliza peke yake. Aliponiuliza ni mkoa gani wa Afrika wanaokula hivi, nilimjibu kwamba ni upishi wa bahari yetu hii hii, uliokutanisha Bara Hindi na pwani, na akakubali kwamba jibu hilo lilikuwa sawa.

Kinachowezesha haya yote ni orodha ya kungojea iliyomo ndani ya programu ya My Disney Experience. Ukiwa karibu na mgahawa, programu hukuonyesha kama orodha imefunguliwa na makadirio ya dakika. Unajiandikisha na kuitwa kwa ujumbe wa simu. Huwezi kujiandikisha ukiwa nyumbani kitandani, na orodha hufungwa jiko linapozidiwa. Kwa sababu hiyo saa ina uzito mkubwa: kati ya saa nane na saa kumi mchana tulikuta orodha nyingi ziko wazi, wakati saa sita na saa moja jioni zilikuwa zimefungwa.

#2 Jahazi

Ndugu Mkoko, ahsante sana kwa maelezo haya. Sisi tuko Dallas na tunasafiri baada ya wiki mbili na nusu tukiwa na watoto wa miaka minne na saba, nasi hatuna nafasi yoyote. Hofu yangu ni moja tu. Mtu mzima anaweza kungoja hadi saa nane na nusu, lakini mtoto wa miaka minne akishikwa na njaa saa sita hakuna twiga atakayemtuliza. Mliwezaje kuwafikisha watoto hadi saa hiyo bila kilio?

#3 Mkoko

Ndugu Jahazi, swali lako ni la msingi. Watoto tuliwalisha mara mbili. Saa tano asubuhi tuliwapa mlo mdogo kutoka mgahawa wa kaunta, na mlo wa saa nane ukawa ndio wa familia nzima. Kwa migahawa ya kaunta, agizeni kwa programu ile ile ya simu mkiwa bado kwenye foleni ya mchezo, hata mkiwa mmekunywa chai sasa hivi. Unachagua chakula, unachagua muda wa kufika, unalipa. Kisha mkifika mlangoni unabonyeza kwamba mmefika, na hapo ndipo wanapoanza kuandaa. Muda wa kufika unaweza kuahirishwa mkichelewa. Faida yake si ya kuokoa dakika tu, bali inampa mzazi uhakika wa saa, jambo ambalo ndilo alilokuwa akilipata mwenye nafasi ya meza.

Tena, ruhusa ya kuingia na chakula chenu ipo. Vyombo vya kioo na pombe haviruhusiwi, lakini mikate, matunda na vyakula vya watoto vinapita katika ukaguzi bila tatizo. Mke wangu alikuwa akikaanga chapati usiku katika nyumba tuliyopanga na kuzifunga kwenye karatasi ya fedha, na siku mbili kati ya tano chapati hizo ndizo zilizotuvusha. Maji ya baridi yenye barafu hupewa bure kwenye kaunta yoyote inayouza soda za bomba. Ombeni tu kikombe cha maji. Jua la Florida si la kufanyia mchezo, hata Januari.

#4 Kitovu

Naomba nitofautiane kwa heshima, kwa sababu nisingependa mtu asome uzi huu kisha apeleke familia yake wiki ya Krismasi kwa matumaini haya. Sisi tulikwenda kati ya Krismasi na Mwaka Mpya. Tulifika mlango wa hoteli moja kwa gari, mlinzi akatuuliza kama tuna nafasi ya mgahawa, tukasema hatuna, akatuelekeza kugeuza. Siku hiyo hiyo tulijaribu orodha za kungojea nne na zote zilikuwa zimefungwa, hata ile saa nane mnayoisifu. Hatimaye tulikula vitafunwa kwa siku mbili, na fedha tuliyotumia ingetosha mlo mmoja wa heshima. Kwa msimu huo, na kwa Pasaka, na kwa ile wiki ya sikukuu ya Shukrani mwezi Novemba, ushauri wangu ni mmoja: mtu aweke nafasi.

#5 Mkoko

Ndugu Kitovu, nakubaliana nawe bila kinyongo, na ninaomba wasomaji wauchukue uzi wangu kuwa ni wa siku za kawaida. Kuhusu geti la hoteli, umenisaidia kueleza jambo nililolisahau: sisi tulifika kwa basi la bure kutoka bustani ya Animal Kingdom, na anayefika kwa basi haulizwi swali hilo. Wenye magari wanaotaka usalama zaidi waende Disney Springs, eneo la maduka na migahawa la Disney, ambako maegesho ya magari ni bure, hakuna tiketi ya kuingilia, na migahawa ni mingi kiasi kwamba ukikosa mmoja unaofuata uko hatua chache.

Hata hivyo, kwa wale ambao wamekwama katika msimu mkubwa, iko njia moja ya kati ambayo si ya kuweka nafasi miezi miwili kabla, wala si ya kwenda kubahatisha mlangoni. Aliyeweka nafasi anaruhusiwa kuifuta bila malipo hadi saa mbili kabla ya muda wake katika migahawa mingi. Akichelewa kufuta au asipotokea, hutozwa dola 10 kwa kila mtu. Matokeo yake ni kwamba familia ya watu sita iliyochoka au iliyobadili mpango ina sababu ya dola 60 ya kuifuta nafasi yake kabla ya muda huo kupita. Kwa hiyo anayetaka kula saa moja jioni na afungue programu kuanzia saa kumi na nusu hadi saa kumi na moja na dakika chache, atafute tena na tena, akiomba meza ya watu wachache kwanza. Meza ya watu wawili hupatikana mapema kuliko ya watano. Sisi siku ya nne tuligawanyika: mama na mke wangu wakakaa meza ya wawili, mimi na watoto tukala kaunta, tukakutana kwenye fataki.

#6 Mwambao

Assalaam aleikum. Mimi niko Muscat, na insha'Allah tutakwenda huko na familia mwakani. Sijaona mtu aliyegusia suala la halali. Je, anayekwenda bila nafasi ana hali gani?

#7 Bint Pwani

Waaleikum salaam, ndugu Mwambao. Mimi naishi Florida na nimekwenda mara nyingi na watoto wangu, basi nitasema ninayoyajua. Anayetaka nyama iliyochinjwa kihalali katika migahawa ya kuhudumiwa mezani anashauriwa kutoa taarifa mapema, kabla ya siku ya kula, na hapo ndipo kutokuwa na nafasi kunapombana Mwislamu kuliko mtu mwingine. Kwa hiyo mimi nimegawa: ninaweka nafasi ya mlo mmoja tu katika safari nzima, ambao ndani yake ninaomba halali, na milo mingine yote tunakwenda bila nafasi tukila samaki na mboga.

Sinia ya mikate ya Sanaa aliyoisimulia ndugu Mkoko haina nyama, na mezani petu imetosha kuwa mlo. Muulize mhudumu waziwazi kuhusu mafuta ya nguruwe na kuhusu supu ambazo hupikwa kwa mchuzi wa nyama. Usione haya, kwa sababu wahudumu wa pale wamezoea maswali ya wenye mzio na wenye miiko, na usipoeleweka omba kuzungumza na mpishi. Katika migahawa ya kaunta, programu ya simu huonyesha vyakula vya mimea vikiwa vimewekewa alama, nami huanzia hapo. Kwa Mwislamu ningeongeza jambo moja: mkoba wa chakula cha nyumbani usiuache. Chapati za mke wa Mkoko ni sunna nzuri ya safari.

#8 Ukwaju

Mimi ni mzaliwa wa Lamu, na nilikwenda kwa hamu ya kuona kile kijiji cha Harambe ndani ya bustani ya Animal Kingdom, maana kinajulikana kwamba wabunifu wake waliiga mengi kutoka mji wetu. Kuta zilizochubuka chokaa nilizitambua. Nilisimama mbele ya kibanda cha Tamu Tamu nikawaeleza wanangu kwamba bibi yao hulisema neno hilo kila anapoonja mchuzi.

Kuhusu chakula bila nafasi, bustani hiyo ndiyo rahisi kuliko nyingine tatu, kwa maoni yangu, kwa sababu migahawa yake ya kaunta ni mizuri kiasi cha kumfanya mtu asiitamani meza. Harambe Market ina vibanda na viti vya kivulini. Fikeni kabla ya saa tano na nusu, kwa kuwa watu wanaoshuka kwenye safari ya wanyama ya Kilimanjaro Safaris humwagika pale wote kwa pamoja. Satu'li Canteen, upande wa pili, wanakujazia bakuli la nafaka, mboga na kitoweo unachochagua, na watoto wasiopenda viungo hupata chakula wanachokijua. Wanaotaka kuketi kwa utulivu waende Nomad Lounge, kando ya mto, ambayo huendeshwa kwa orodha ya kungojea. Sahani zake ni ndogo, lakini tatu zinatosha watu wawili.

Angalizo: bustani hii kwa kawaida hufungwa mapema kuliko nyingine. Msipange kula chakula cha usiku humo.

#9 Jahazi

Na gharama, ndugu zangu? Ninaona bei ya bufee ya Boma usiku ni zaidi ya dola 50 kwa mtu mzima. Hiyo ndiyo bei yote?

#10 Mkoko

Hapana, na afadhali mjue kabla ya bili kufika. Juu yake huongezwa kodi ya mauzo, ambayo katika Orange County ni asilimia 6.5, halafu bakshishi ya mhudumu, ambayo kwa kundi la watu sita au zaidi huwekwa moja kwa moja kuwa asilimia 18. Kwa watu wachache mnaweka wenyewe, na desturi ya Marekani haitofautiani sana na kiwango hicho. Piga hesabu ya watu wazima watatu uone inakofika.

Ndiyo sababu sisi Boma tulikwenda asubuhi, si usiku. Mchana hawafungui kabisa. Ni kifungua kinywa na chakula cha jioni tu. Bei ya asubuhi ni ndogo, na mtu akifika saa nne, wakati wenye nafasi za alfajiri wameshaondoka kuwahi michezo, hupata meza kwa urahisi. Mlo wa saa nne wa bufee ulitubeba hadi jioni, kwa hiyo kwa hesabu tulilipia milo miwili. Ladha nyingi ni za kusini mwa Afrika kuliko za kwetu. Ipo bobotie, nyama ya kusaga iliyookwa kwa yai juu, ambayo mama aliila kwa heshima ya mgeni. Alitafuta mbaazi za nazi na hakuziona, akaniambia kwa upole kwamba jina la Kiswahili wameliandika sawasawa, imebaki kupika.

Ndugu Jahazi, ukienda na wadogo hao, jioni yenu iwe ya kaunta. Katika hoteli hiyo hiyo iko The Mara, ambayo haihitaji nafasi, na baada ya kula watoto wanaweza kwenda kuwaangalia wanyama kwenye vibaraza vya nyuma bila malipo yoyote.

#11 Jahazi

Ndugu zangu, tumerudi jana usiku, nami nimeona ni wajibu kuleta taarifa. Kati ya siku nne tulipata meza siku tatu. Siku tuliyokosa ilikuwa Jumamosi, katika bustani ya EPCOT, saa saba mchana, kinyume kabisa na mlivyotushauri. Tulikula kwenye kibanda cha Refreshment Outpost, kati ya banda la China na la Ujerumani, tukiwa tumeketi kwenye kivuli cha ukuta.

Boma tulifika saa nne na dakika kumi, tukaketi saa nne na robo. Sanaa tulifika saa tisa kasoro, tukangoja dakika 40 badala ya 25 tulizoambiwa, na binti yangu wa miaka minne alilala kwenye kigari chake muda wote huo. Aliamka mikate ilipofika mezani. Alichovya naan kwenye chatne ya embe, akatazama nje, akauliza kama twiga naye ameweka nafasi.